Mapatano ya Mashine: Habari za Intaneti

Hapo kale mtu wa Mombasa aliyetaka kumpelekea ndugu yake habari Arabuni alikuwa hana budi kungoja upepo wa kusi. Jahazi lilitweka tanga, likachukua barua yake, na jibu lilirudi na kaskazi baada ya miezi mingi, kama chombo hakikuzama. Mwaka 1879 waya wa simu ulitandazwa chini ya bahari kutoka Adeni hata Unguja, ukaendelea mpaka Msumbiji na Durban. Tangu hapo neno liliweza kufika mbali siku ile ile. Walakini kila neno lililipiwa, tena si kidogo, hata waliopeleka simu walikuwa hasa serikali na wafanya biashara wakubwa, nao walihesabu maneno yao kama mtu ahesabuvyo rupia. Leo mtu wa Mombasa hutoa simu yake mfukoni, akampelekea ndugu yake aliye Dubai picha ya mtoto aliyezaliwa alfajiri, na kabla hajairudisha simu mahali pake picha imekwisha fika.

Watu wengi hudhani kwamba picha ile imeruka nzima, kama njiwa aliyeachiwa mkononi. Sivyo. Picha imekatwa vipande vidogo, pengine zaidi ya 2,000. Kila kipande kimetiwa bahasha yake na kuandikwa anwani, kikaenda peke yake. Vimepita katika mashine nyingi, moja baada ya moja, wala hata moja katika mashine hizo haikujua kwamba yachukua picha ya mtoto. Vingine huenda vilipotea njiani, vikatumwa tena bila mwenye simu kuambiwa. Wala safari haikuwa ya moja kwa moja, kwa maana picha za namna hii kwanza huenda katika kompyuta kubwa za kampuni ichukuayo barua, pengine huko Ulaya, ndipo zifike zinakokwenda. Mwisho wa safari vipande vyote vilipangwa kwa namba, kisipungue hata kimoja, na baba mdogo wa mtoto akauona uso wake.

Hapa hapana uchawi. Pana mapatano tu. Neno walitumialo wenye kazi hii katika Kiswahili ni itifaki, neno lililotoka katika Kiarabu, na maana yake ni hiyo hiyo: kukubaliana jinsi ya kutendeana. Kompyuta ni mashine isiyo na akili ya kukisia. Mtu akikutana na mgeni asiyejua lugha yake ataonyesha kwa vidole, kompyuta haiwezi. Isipokubaliwa kwanza ni nani atakayeanza kusema, na kila alama ina maana gani, na neno lisiposikika itafanywaje, mashine mbili zilizounganishwa kwa waya mzuri kabisa zitakaa kama mawe mawili.

Waliowaza kwanza habari ya kukata barua vipande walikuwa watu wawili wasiojuana. Paul Baran alikuwa mhandisi wa Marekani katika shirika la RAND. Katika miaka ile ya 1960 na kitu Wamarekani na Warusi walitishana kwa mabomu ya atomiki, na Baran aliona hatari ambayo wengine hawakuijali: simu za nchi nzima zilipita katika vituo vikuu vichache, na adui akivipiga hivyo, nchi yote yawa bubu. Akatoa shauri mtandao ufanywe kama wavu wa mvuvi, ambao uzi mmoja ukikatika ziko nyuzi nyingine, na maneno yakatwe vipande ili kila kipande kijipatie njia iliyo nzima.

Huko Uingereza, Donald Davies wa Maabara ya Taifa ya Fizikia, Teddington, hakuwa akifikiri habari za vita. Yeye aliudhiwa na hasara. Katika desturi ya zamani ya simu, watu wawili wanapozungumza waya wote ni wao mpaka wamalize, hata wakinyamaza. Ni kama kuifunga barabara ya Mombasa hata Nairobi kwa ajili ya gari moja, mpaka gari hilo lifike. Kwa watu si neno kubwa, maana watu husema mfululizo. Bali kompyuta husema kwa ghafula, kisha hunyamaza kitambo kirefu, na katika kimya hicho waya hukaa bure. Mwaka 1965 Davies alipata wazo karibu sawa na la Baran, asijue kazi yake, naye ndiye aliyeviita vipande hivyo pakiti. Pakiti za watu wengi huweza kufuatana katika waya mmoja, kama magari barabarani, wala hakuna amfungiaye mwenziwe njia.

Mtandao wa kwanza mkubwa wa namna hiyo ulijengwa Marekani kwa fedha za idara ya ulinzi, ukaitwa ARPANET. Usiku wa tarehe 29 Oktoba 1969 mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu huko Los Angeles, Charley Kline, aliketi mbele ya kompyuta ili kuiandikia kompyuta nyingine iliyokuwa Menlo Park, mbali kama kilometa 500. Neno lenyewe lilikuwa LOGIN, ndilo neno la kuomba kuingia. Alipiga L, na kwa simu akaulizwa mwenziwe kama imefika, imefika. Akapiga O; nayo imefika. Akapiga G, na kompyuta ya pili ikashindwa, ikasimama. Basi habari ya kwanza iliyopita katika mtandao ule ilikuwa herufi mbili tu, LO. Baada ya kama saa moja kosa lilitengenezwa, wakaendelea. Watu waonapo kazi iliyokwisha kukamilika husahau kwamba ilianza kwa kigugumizi.

Kuandika mapatano yenyewe kulikuwa kumeachiwa zaidi vijana wanafunzi. Mmoja wao, Steve Crocker, aliandika karatasi ya kwanza mwezi wa Aprili mwaka ule ule. Kwa kuwa waliogopa kuonekana kama watoto wanaowaamuru wakubwa wao, hawakuziita karatasi hizo sheria, bali Maombi ya Maoni. Mtu yeyote mwenye shauri aliweza kuandika yake, ikapewa namba, wengine wakaisoma na kuisahihisha. Jina hilo la unyenyekevu lingali likitumika, ingawa karatasi zimepita 9,000 na mashine za ulimwengu mzima huzifuata.

Baada ya miaka michache ikazuka shida nyingine. Mitandao ilikuwa imekuwa mingi: mmoja wa nyaya, mmoja wa redio, mmoja wa setilaiti, na kila mmoja ulikuwa na desturi zake, na mwendo wake, na kipimo chake cha pakiti. Pakiti ya mmoja haikufahamika katika mwingine. Robert Kahn na Vinton Cerf walishughulika na jambo hilo tangu 1973, na mwezi wa Mei 1974 walichapisha shauri lao. Hawakusema mitandao yote ivunjwe, ujengwe mmoja. Walisema kila mtandao ubaki na desturi zake nyumbani kwake, lakini mpakani pawekwe mashine ya kupokea na kupitisha, na pakiti zote zivae bahasha ya namna moja, isomekayo kila mahali. Msomaji wa nchi hizi atafahamu mara moja. Mchaga, Mdigo na Mnyamwezi kila mmoja ana lugha ya kwao, wala haambiwi aiache. Lakini wakikutana sokoni wana Kiswahili. Itifaki ya intaneti ndiyo Kiswahili cha mitandao.

Tarehe 22 Novemba 1977 shauri hilo lilijaribiwa. Gari moja lenye redio lilikuwa likienda barabarani huko California. Pakiti zake zilitoka kwa redio, zikavuka Marekani, zikavuka bahari mpaka Norway na London, zikarudi tena kwa setilaiti hata Los Angeles, maelfu ya maili ya kuzunguka ili kufika mahali palipokuwa karibu. Nazo zilifika. Ndipo, tarehe 1 Januari 1983, kompyuta zote za ARPANET zilipoamriwa kuacha itifaki ya zamani na kuishika hii mpya. Kazi hiyo iliwachosha mafundi, hata wengine walivaa beji zenye kusema kwamba wameokoka.

Sasa tazama bahasha yenyewe. Juu yake huandikwa anwani mbili, ya atumaye na ya apokeaye. Anwani ni hesabu, na kwa desturi ya kwanza huandikwa kwa namba nne zilizotengwa kwa nukta, kila namba tangu 0 hata 255. Mfano wake ni 192.0.2.25. Kwa njia hiyo zapatikana anwani 4,294,967,296. Siku zile kompyuta zilikuwa chache, tena kubwa kama kabati, na waliopanga hesabu hiyo walidhani haitakwisha. Walikosea. Mwezi wa Februari 2011 ghala kuu la anwani liligawa mafungu yake ya mwisho. Kwa hiyo zimetungwa anwani nyingine ndefu zaidi, ambazo wingi wake hauna mfano, na mitandao mingi leo hutumia namna zote mbili pamoja.

Mashine isimamayo kwenye njia panda za mitandao huitwa ruta. Kazi yake ni ndogo kuliko watu wadhanivyo. Haina ramani ya dunia. Huitazama anwani ya pakiti, huangalia katika orodha yake, huisukuma pakiti upande upasao, kisha huisahau. Mfano wake ni safari ya mtu wa zamani aliyetoka Bagamoyo kwenda Ujiji. Katika kila kijiji aliuliza njia, na mwenyeji hakuweza kumweleza jinsi Ujiji ulivyo, maana hajafika huko. Alijua tu kwamba waendao bara hupita penye mbuyu ule na kufuata kijito. Msafiri alikwenda hata kijiji cha pili, akauliza tena. Hivyo kwa maarifa madogo madogo ya watu wengi alifika ziwani.

Lakini je, wenyeji wakikoseana, huyu akimpeleka msafiri kwa yule, na yule akimrudisha kwa huyu? Pakiti ingezunguka milele, na pakiti za namna hiyo zikizidi zingeziba njia. Kwa sababu hiyo juu ya bahasha huandikwa hesabu nyingine, ambayo mara nyingi huanza na 64, wala haiwezi kupita 255. Kila ruta hupunguza moja. Hesabu ikifika sufuri, pakiti hutupwa.

Binadamu hawapendi kukumbuka namba, hupenda majina. Zamani majina yote ya kompyuta na anwani zake yaliandikwa katika orodha moja, iliyotunzwa na ofisi ya Bibi Elizabeth Feinler huko Menlo Park. Mwenye kompyuta mpya alipeleka habari ofisini, akaandikwa, kisha kila mtu alinakili orodha upya. Orodha ikawa ndefu, na kazi ya kuinakili ikawa mzigo. Mwaka 1983 Paul Mockapetris alitunga njia ya kugawana kazi hiyo, kama zamani pwani liwali alivyokuwa na maakida chini yake, na akida majumbe wake. Aliye juu hajui majina yote. Ajua tu ni nani wa kuulizwa habari za majina yaishiayo kwa .tz, ambayo ni ya Tanzania, au .ke ya Kenya, au .om ya Oman. Na huyo ajua ni nani wa kuulizwa habari za walio chini yake, mpaka afikiwe aijuaye nyumba yenyewe. Maswali hayo yote huulizwa na kujibiwa kabla pakiti ya kwanza ya barua haijaondoka.

Na hapa pana jambo liwashangazalo wasikiao mara ya kwanza. Itifaki ya bahasha haiahidi kitu. Ruta iliyolemewa huzitupa pakiti zizidizo, na kwa kawaida haimwambii mtu. Pakiti ya pili huweza kufika kabla ya ile ya kwanza. Nyingine hufika mara mbili. Posta ikifanya kazi hivyo ingeshtakiwa. Lakini watungaji walifanya hivi kwa kusudi. Njia ikipewa kazi nyepesi huifanya upesi, na waya wa namna yoyote, au redio ya namna yoyote, yaweza kuwa njia. Kazi nzito ya kuhakikisha waliiweka kwenye ncha mbili za safari, kwa atumaye na kwa apokeaye, kwa kuwa hao ndio wawezao kujua kama habari imetimia.

Itifaki ya ncha hizo huanza kwa adabu. Kompyuta ya kwanza hupiga hodi, ikataja namba itakayoanzia kuhesabu. Ya pili hujibu: karibu, nimeisikia namba yako, nami nitaanza na namba hii. Ya kwanza husema: nimeisikia. Ndipo habari zianze kwenda. Hodi peke yake haitoshi, kwa sababu apigaye hodi hajui kama amesikiwa. Na karibu peke yake haitoshi, kwa sababu asemaye karibu hajui kama mgeni amemsikia. Ndiyo sababu maneno yamekuwa matatu.

Tangu hapo kila kipande kina namba yake, na apokeaye hutoa stakabadhi. Husema, kwa mfano: nimepokea vyote hata cha 37, nangoja cha 38. Ikiwa cha 38 kimetupwa njiani, na cha 39 na cha 40 na cha 41 vimefika, mpokeaji huviweka kando, hurudia tu: nangoja cha 38. Mtumaji akisikia neno hilo hilo likirudiwa mara tatu, hufahamu kwamba kipande kimepotea, hutuma kingine kilicho sawa nacho. Na asiposikia neno lolote, saa yake humwambia kwamba muda wa kungoja umepita, naye hutuma tena. Kwa hiyo humpasa kuweka nakala ya kila kipande mpaka stakabadhi yake irudi.

Mwanafunzi ataweza kuuliza kama mashine zote hizo za njiani haziwezi kuisoma barua. Zamani ziliweza, kwa maana pakiti zilikwenda wazi kama kadi ya posta. Siku hizi barua nyingi hufungwa kwanza kwa hesabu ngumu, ambayo ufunguo wake uko kwenye ncha za safari tu. Anwani ya juu haifungwi, kwa kuwa ruta haina budi kuisoma.

Kanuni ile ya kutuma tena ni njema, walakini ilikuwa na ila iliyofichika, nayo nusura iiharibu kazi yote. Huko Berkeley, California, palikuwa na maabara na chuo kikuu, na kati yake palikuwa mwendo wa yadi 400 tu. Kompyuta huandika kila kitu kwa alama za 0 na 1, ziitwazo biti, na mtandao wa kati ya mahali hapo pawili ulipitisha biti 32,000 kila sekunde. Mwezi wa Oktoba 1986 ghafula ukapitisha biti 40. Herufi moja huchukua biti nane. Basi zilikuwa herufi tano kwa sekunde. Ukurasa mmoja wenye herufi 2,000 ulihitaji zaidi ya dakika sita, na katika muda huo mtoto mwenye karatasi mkononi angetembea yadi 400, akafika, akaketi kupumzika. Nyaya zilikuwa nzima. Kompyuta zilikuwa nzima. Kila moja ilikuwa ikitimiza kanuni yake.

Van Jacobson, aliyekuwa katika maabara ile, na Michael Karels wa chuo kikuu, walitafuta sababu, wakaiona. Pakiti zilipozidi zilijipanga safu ndefu kwenye ruta, na stakabadhi zilikawia. Kompyuta zilizokuwa zikingoja zilidhani pakiti zimepotea, zikatuma nakala. Nakala zikairefusha safu. Stakabadhi zikakawia zaidi, zikatumwa nakala nyingine, hata njia ikajaa vitu vilivyokwisha kutumwa, na kitu kipya hakikupata nafasi. Kengele ya shule ikilia na watoto 50 wakakimbilia mlango mmoja, hakuna atokaye, ijapokuwa mlango wenyewe wawatosha wawili wawili.

Dawa waliyoitangaza mwaka 1988 haikutaka waya mpya. Ilitaka kila mtumaji ajizuie. Aanze na pakiti chache. Stakabadhi zikirudi vizuri, aongeze. Zikiendelea kurudi, aongeze tena, lakini kwa hadhari. Mara aonapo pakiti imepotea, aichukue kuwa dalili ya msongamano mahali fulani njiani, mahali asipopaona, naye apunguze mwendo wake kwa nusu au zaidi. Asiulize ni nani aliyeuleta msongamano. Wengine nao watapunguza vivyo hivyo, safu itakuwa fupi, ndipo wote waongeze tena kidogo kidogo. Kanuni hii imetengenezwa kwa namna mbalimbali tangu hapo, na wataalamu wangali wakibishana ni ipi iliyo bora, lakini kompyuta na simu za mkononi zingali zikijipima na kujizuia hivyo. Hakuna askari wa kuzilazimisha. Mtu mwenye ujuzi aweza kuitengeneza kompyuta yake isipunguze mwendo, naye atapata faida kwa kitambo, kwa hasara ya majirani zake. Mtandao wasimama kwa sababu walio wengi hawafanyi hivyo.

Mitandao mikubwa nayo ina mapatano yake, na hayo yategemea kuaminiana zaidi. Kila mtandao huwatangazia majirani zake: anwani kadha wa kadha hufikiwa kwa kupitia kwangu. Majirani huliandika tangazo katika orodha za ruta zao, nao hulitangaza kwa wengine. Mwezi wa Februari 2008 serikali ya Pakistan iliagiza kwamba YouTube izuiwe nchini humo. Kampuni ya simu ya huko ikatangaza anwani za YouTube kana kwamba ni zake, ili pakiti za watu wake ziishie hapo. Kwa kosa tangazo hilo lilivuka mpaka, majirani wakaliamini, na kwa muda wa kama saa mbili pakiti za watu wa nchi nyingi waliotafuta YouTube zilikwenda kupotelea Pakistan. Sasa iko njia ya kuyahakikisha matangazo kwa sahihi, lakini si mitandao yote iitumiayo.

Mapatano, hata yakiwa mazuri namna gani, hayafai kitu pasipo njia ya kupita. Kabla ya mwaka 2009 pakiti za Kenya, Tanzania na Uganda zilikwenda ng'ambo hasa kwa setilaiti, zilizo juu kama kilometa 36,000. Pakiti ilitumia robo ya sekunde kupanda na kushuka, na stakabadhi robo nyingine kurudi. Tena nafasi ilikuwa ndogo na bei kubwa. Mwaka 2009 zikafika nyaya mbili: TEAMS, utokao Fujairah katika Falme za Kiarabu hata Mombasa, na Seacom, ugusao Mombasa na Dar es Salaam. Mwaka 2010 ukafuata EASSy, upitao pwani tangu Sudan hata Afrika ya Kusini. Ndani ya waya wa namna hiyo zimo nyuzi za kioo nyembamba kama unywele, na habari hupita humo kwa nuru iwakayo na kuzimika. Nuru katika kioo hukimbia kama kilometa 200,000 kwa sekunde. Waya wa TEAMS, wenye urefu wa kilometa 5,000 hivi, hupitwa wote katika sehemu moja ya arobaini ya sekunde. Ni safari ile ile ya majahazi, kati ya Mombasa na Arabuni.

Bahari nayo haijui mapatano ya mtu. Mwezi wa Februari 2012 merikebu moja ilitia nanga karibu na Mombasa, nanga ikaukata waya wa TEAMS. Mwaka 2024 ulikuwa mbaya zaidi. Mwezi wa Februari nyaya kadhaa, pamoja na ule wa Seacom, zilikatika katika Bahari ya Sham. Kisha tarehe 12 Mei Seacom na EASSy zikakatika pamoja upande wa kusini, si mbali na Durban. Tanzania ilipatwa sana, na nchi nyingine za mashariki na kusini pia. Kenya, yenye TEAMS na nyaya nyingine ziendazo kaskazini, ilipata nafuu.

Lakini hata palipoumizwa sana mtandao haukufa. Ruta zilizoona kwamba njia imekatika ziliifuta katika orodha zao, zikawaambia majirani, na pakiti zikaanza kuzunguka kwa njia zilizobaki, kama Baran alivyowaza zamani. Njia hizo hazikutosha wote. Watumaji wakaona pakiti zikipotea, wakapunguza mwendo kwa nusu, kisha kwa nusu ya nusu. Mwenye kufungua picha aliona alama ya duara ikizunguka isiishe, akailaumu simu yake. Simu haikuwa na kosa. Ilikuwa ikijizuia pamoja na simu za watu wengine wote, na kwa kuwa zilijizuia, barua fupi fupi ziliweza kupenya.

Merikebu ya kutengeneza nyaya ilitoka Cape Town. Kazi yake kwa jumla haikubadilika sana tangu siku za ule waya wa 1879. Hutafutwa mahali palipokatika, kulabu hushushwa mpaka chini ya bahari, ncha moja huinuliwa, kisha ya pili, na mafundi huziunga. Ila siku hizi waungacho ni kioo, uzi kwa uzi, na mkono ukitetemeka kazi haifai. Kisha waya hushushwa tena majini. Ruta za pande mbili husikiana, huandikana upya katika orodha zao, na pakiti hurudia njia fupi. Mwenye simu haambiwi neno. Huona tu kwamba picha iliyokuwa ikikawia sasa yafunguka.